YAH: Simu yenu mpya, na nilivyovunjiwa heshima kwenye kaunta yenu ya Tanga

Barabara ya 14, Ngamiani,
Tanga.

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa adabu, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, na kwa kuwa wewe mwenyewe hukuwapo siku ile. Naomba uisome barua hii yote, usimpe karani akufupishie. Nimeshapiga namba yenu ya huduma mara sita, na mara zote sita nimejibiwa "suala lako tumelipokea". Sasa nalileta kwa karatasi.

Masharti ya dhamana yenu mnayajua, mmeyaandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea. Risiti ya EFD ninayo: shilingi 1,150,000, nililipa taslimu. Nimebonyeza *#06# na namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, inalingana na ya kwenye boksi. Tangu simu feki zilipozimwa Juni 2016 hata bibi yangu anajua kuangalia hilo. Kwa hiyo simu ni yenu, halali, na niliinunua wiki ileile ilipotoka.

Nianze na siku ya kaunta, maana hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Nilifika saa nne asubuhi, nikapanga foleni kama wengine. Zamu yangu ilipofika nilimsalimu kijana wenu, nikamwita mwanangu, maana ni rika la mwanangu. Nikamweleza matatizo matatu: rangi, joto, na ukungu ndani ya kioo cha kamera. Akaniambia nifungue simu aikague kamera. Nikaifungua. Kamera hakuigusa. Alifungua picha zangu, akawa anazipitisha kwa kidole moja baada ya nyingine, mikono, miguu na migongo ya mabinti wa watu, kioo kikiwa kimeelekea nje, na nyuma yangu wamesimama wanaume. Nikasema, "Mwanangu, hizo ni picha za wanawake, zifunge." Akajibu kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Bi mkubwa, simu haina shida. Imekuzidi tu. Wewe kinakufaa kitochi." Mwenzake akacheka.

Mimi ni mchora hina na piko. Nimeingia nyumba nyingi za mji huu, Chumbageni, Makorora, Mikanjuni, Sahare, na nimechora mama na baadaye nikamchora binti yake. Bibi harusi ananivulia baibui na kunipa mguu wake mpaka kwenye goti kwa sababu anajua mimi ni nani. Picha ninazopiga ni amana. Zinaangaliwa na wanawake wenzake, nami namwonyesha mama mwenye binti anayetaka kuchagua maua. Basi. Haziendi kwenye mtandao wowote, haoneshwi mwanamume yeyote, hata mume wangu hazijui.

Sasa kuhusu simu yenyewe, ili msiseme nimekuja na hasira bila hoja.

Bango lenu lilisema kamera inaona rangi kama jicho linavyoona. Ndiyo sababu pekee niliyoitolea pesa ile, kwa sababu kazi yangu ni rangi. Hina ikibanduliwa huwa ya machungwa. Inachukua siku moja, wengine mbili, ndipo inakolea na kuwa damu ya mzee. Mama wa Muheza au Pangani anayetaka kunipa kazi hajaniona nikichora, anaiona picha. Akiona machungwa anasema hina ya huyu haikolei, anatafuta mwingine. Simu yenu inaichukua hina iliyokolea vizuri na kuirudisha ya machungwa. Piko, ambayo ni nyeusi tii, inaitia bluu pembeni. Na mikono yenyewe inapaushwa: binti mweusi mzuri anatoka kama aliyejipaka unga. Nimezima kila kilichoandikwa urembo kwenye mipangilio. Mwanangu anayesoma Dar amekuja likizo, naye amezima na kuzima tena. Ngozi bado inapaushwa. Simu yangu ya zamani, ya laki mbili na nusu, yenye kioo kilichopasuka, inapiga rangi kweli kuliko hii.

Wala msiniambie kamera zote ndivyo zilivyo kwa ngozi nyeusi. Mwanangu amenisomea kwamba Google walipotoa Pixel 6 mwaka 2021 walikiri kuwa kamera kwa muda mrefu hazikuwatendea haki watu weusi, wakaja na kitu walichokiita Real Tone kurekebisha. Wenzenu wamelisema hadharani. Nyinyi mnauza Tanga, kwa watu weusi, simu inayotuona vibaya, halafu kijana wenu anasema imenizidi.

Joto. Kitabu chenu kinasema simu itumike kwenye nyuzi 0 mpaka 35. Huku kwetu kaskazi ikivuma Januari, mchana joto linapita nyuzi 32 na jasho halikauki. Chumba cha bibi harusi kimejaa wanawake ishirini, madirisha yamefungwa kwa ajili ya stara, panga-boi moja. Simu ilipiga picha kumi na moja, ikaandika kwamba imepata joto sana, ikazima kamera. Bibi harusi ameshika mikono juu, ananisubiri. Nikaazima simu ya shangazi yake. Picha zile ziko kwa shangazi mpaka leo, na mimi sina ushahidi wa kazi niliyoifanya kwa saa tano.

Alama ya kidole nayo hainisomi. Nikichora, vidole vyangu vinabaki na rangi siku mbili tatu, na siku hizo zote simu inanikataa. Kwa sisi wa pwani hina si jambo la nadra. Mngemwuliza mwanamke mmoja tu wa Tanga kabla ya kuileta, angewaambia.

Na siko peke yangu. Tulionunua wiki ya kwanza, ninaowajua mimi, tuko wanne. Kijana wa bodaboda wa stendi ya Kange anasema juani kioo hakionekani, anasimama kivulini ndipo asome mteja yuko wapi. Mama muuza samaki wa Deep Sea anasema kidole kikiwa na maji kioo kinaruka-ruka, mara mbili amekosea namba wakati wa kutuma pesa. Mwalimu wa Usagara ndiye pekee anayeisifu: chaji inajaa haraka na spika ina sauti safi. Hayo ni kweli hata kwangu, na nayasema kwa kuwa sitaki kumdhulumu mtu. Lakini sisi tulionunua mapema ndio tuliowaamini kabla ya mtu mwingine yeyote. Tulikwenda dukani bila kusubiri kusikia wengine wanasemaje. Haifai muonje chumvi kwa ulimi wetu, kisha mkiambiwa mchuzi umezidi mmlaumu mwenye ulimi.

Narudi kaunta, kwa sababu kuna mambo sikuyaandika pale juu. Mkono ulikataa.

Ile ilikuwa mara yangu ya pili kufika. Mara ya kwanza mliipeleka simu Dar, ikakaa siku tisa, nikalipia mimi kifurushi cha basi kwenda na kurudi, shilingi 20,000, ilhali kadi yenu inasema usafirishaji ni juu yenu. Ikarudi na karatasi: "Haina hitilafu." Ukungu ulikuwamo bado ndani ya kioo, unaonekana kwa macho. Siku ile ya pili kijana yuleyule akachomoa kisahani cha laini, akanionyesha kibandiko kimegeuka chekundu, akasema imeingia maji, dhamana imekufa. Nikamuuliza, Dar wanasema haina hitilafu, wewe unasema ina maji, nimsikilize nani? Hakujibu. Boksi lenu limeandikwa IP68. Hiyo 6 ni ya vumbi na hiyo 8 ni ya kuzama majini, na tangazo lenu linasema mita 1.5 kwa nusu saa. Simu yangu haijazama hata kwenye kikombe. Kama jasho la Tanga linatosha kuingia, basi mliyoandika kwenye boksi si kweli.

Ndipo akasema nifungue akague kamera.

Nilimwambia picha azifunge. Hakuzifunga papo hapo. Alimgeukia mwenzake, akasema "cheki hii", na picha iliyokuwa kwenye kioo ilikuwa ya harusi ya Ijumaa iliyotangulia siku ile, binti wa watu, mgongo wake, maua niliyoyachora kutoka shingoni mpaka kiunoni. Nilinyoosha mkono kuichukua simu, akaivuta. Akasema ile ya kitochi. Mwenzake akacheka. Kisha akaingia nayo nyuma ya pazia, akakaa kama dakika kumi, mimi nimesimama mbele ya watu, sijui huko nyuma anafanya nini na amana ya watu.

Na hili ndilo sikuliandika mwanzo. Mtu wa tatu nyuma yangu kwenye ile foleni alikuwa mjomba wa yule binti. Tanga ni mji mdogo, tunajuana. Sijui aliona nini. Ninachojua ni kwamba nilipogeuka alikuwa ameinamisha kichwa, na kabla simu yangu haijarudishwa alikuwa ameshatoka bila kuhudumiwa. Ameniona sokoni Mgandini mara mbili tangu siku hiyo. Salamu ameitikia, macho hakunitazama. Mama wa binti aliyenikaribisha chai miaka yote hajanipigia simu. Harusi ya mdogo wa yule binti ni mwezi ujao, na nimesikia amekwishapata mchoraji mwingine.

Ndugu Meneja, mimi nilikaa kimya pale kaunta. Nilichukua simu yangu nikaondoka. Nilikuwa natetemeka, na sikutaka kijana yule anione. Najua wapo watakaosema ningepaza sauti. Sikulelewa hivyo, na kukaa kwangu kimya kusichukuliwe kuwa nimeridhika.

Nilipoanza barua hii nilikuwa nimekusudia kuomba mnibadilishie simu. Nikiwa naandika nimeona kwamba sitaki tena simu yenu nyumbani kwangu. Basi nataka yafuatayo.

Nataka fedha yangu yote, shilingi 1,150,000, na ile 20,000 ya basi. Nataka barua ya kuomba radhi yenye muhuri wenu na saini yako wewe, si ya kijana. Barua ya pili ya radhi iandikwe kwa familia ya yule binti, na ije mtu mzima wa ofisi yenu kuikabidhi, nami nitamwongoza mpaka mlangoni kwao. Na nataka uthibitisho kwa maandishi kwamba hakuna picha hata moja iliyonakiliwa kutoka kwenye simu yangu, si nyuma ya lile pazia wala zile siku tisa za Dar. Kama mna kamera za ulinzi dukani, na mnazo, nimeziona, picha za siku ile msizifute. Nimekwisha kuwajulisha, kwa hiyo zikifutwa nitajua ni kwa nini.

Kijana yule sitaki afukuzwe kazi. Ana mama yake. Nataka aje anieleze usoni kwamba alikosea.

Nawapa siku 14 tangu kuipokea barua hii. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kwa tangazo, na bango lenu nimelipiga picha, kwa simu ya zamani, na boksi ninalo. Malalamiko hayo yatakwenda Tume ya Ushindani. Yanayohusu mawasiliano yatakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na la kufungua picha za watu bila ruhusa lina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na lina tume yake. Nakala tatu nimekwishazichapa. Ziko kwenye bahasha, zimeandikwa anwani, ziko juu ya kabati.

Nilipoanza kuandika niliwaza siku 14. Kwa lile la picha sitangoja siku 14. Uthibitisho wa maandishi niupate ndani ya siku saba. Siku ya nane asubuhi bahasha ya lile la picha inakwenda posta, na Ijumaa itakayofuata nitakuwa kwenye kaunta yenu pamoja na wale wenzangu watatu na simu zao, na safari hii sitakaa kimya.

Wenu,

Mchora hina, Barabara ya 14, Ngamiani
(saini)

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, karatasi ya "Haina hitilafu", risiti mbili za kifurushi cha basi, picha ya bango, picha mbili za mkono mmoja, moja kwa simu yenu na moja kwa simu yangu ya zamani. Mkono ni wangu mwenyewe.