Barua ya wazi kwa Kamishna wa Elimu: Wanachuo wa mwaka wa kwanza waandike walivyojifunza

Kwa Kamishna wa Elimu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Ndugu Kamishna,

YAH: MAANDISHI YA WANACHUO KUHUSU KUJIFUNZA KWAO

Nakuandikia kutoka Mwanza, ninakofundisha saikolojia ya elimu katika chuo cha ualimu. Naomba kila mwanachuo wa mwaka wa kwanza aandike, kwa Kiswahili, jinsi yeye mwenyewe alivyojifunza tangu darasa la kwanza, na maandishi hayo yaingie katika alama za tathmini endelevu kabla hajapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha.

Kwa sasa tunawauliza motisha ni nini, nao wanajibu vizuri. Wanatofautisha ya ndani na ya nje. Wanapanga mahitaji ya binadamu kama alivyoyapanga mwanasaikolojia Abraham Maslow mwaka 1943, wakianza na chakula na usingizi. Majibu yanafanana hadi nukta, maana yametoka kwenye desa moja (maandishi ya somo ya kukariri) lililotolewa kopi steshenari moja. Mwanachuo anapata vyema zake, anafaulu, na mimi niliyemsahihisha sijui lolote kuhusu kilichomfikisha hapa.

Muhula huu niliwaambia waweke madesa pembeni. Waandike nani aliwafanya wapende kusoma, na nini kilikaribia kuwakatisha tamaa. Nimeomba ruhusa yao kukueleza machache.

Mmoja amekulia Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, kwenye mwalo wa dagaa, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Wasiolijua ziwa letu wafahamu kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti kitu na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo siku za giza kijana huyu alikuwa mwaloni alfajiri, akimsaidia mama yake kuanika, na shuleni alifika amechelewa, nguo zikinuka samaki, macho yakifumba. Alichapwa kwa uchelewaji, akachekwa kwa harufu. Kisha mwalimu wake wa sayansi akafungua daftari la mahudhurio akaona kuwa uchelewaji ule unakuja na kuondoka pamoja na mwezi. Hakumwita mzazi, hakumpa adhabu. Alianza kupanga majaribio yake wiki za mbalamwezi. Kijana anaandika: “Sikuambiwa kitu. Niliona tu kwamba mtu amenihesabu.” Leo anasomea kufundisha sayansi.

Ndugu Kamishna, kijana huyuhuyu aliwahi kuniandikia maana ya motisha kwa mistari miwili ya desa.

Kuhusu fimbo waliandika wengi, na hapo ndipo nilipoona hatari ya kukaa kimya. Kanuni zinataka viboko visizidi vinne, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Wanachuo wangu hawakukulia katika kanuni hizo. Walichapwa kwa kukosa hesabu, kwa kuongea Kiswahili, kwa kuwa wa mwisho. Binti mmoja aliandika wazi kwamba yeye ataitumia fimbo kwa sababu ndiyo iliyomfaulisha. Kwa idhini yake nililisoma daftari lake mbele ya darasa. Akasimama kulitetea: “Bila fimbo ningefika hapa?” Aliyekaa nyuma yake akamjibu taratibu, “Na wale mliochapwa nao wasiofika?”

Darasa liliwaka hadi kengele. Nimefundisha mada ya adhabu na tuzo miaka mingi, na sijawahi kuona watu wakibishana nayo hivyo, kwa sababu safari hii haikuwa mada ya mtihani. Chuoni tunao waliovuka tu. Waliokimbia shule kwa sababu ya fimbo hawapo hapa kutoa ushahidi, na mwalimu mpya asipoulizwa kuhusu hao, ataingia darasani akiamini kwamba kilichomkuta yeye ndicho dawa ya kila mtoto. Binti yule hajabadili msimamo wake wote. Lakini ameongeza ukurasa mzima juu ya rafiki yake aliyeacha shule kidato cha pili, na hakuna aliyemwambia auandike.

Nasisitiza Kiswahili kwa sababu wengi wao walisoma msingi kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni Kiingereza. Daftari baada ya daftari linasimulia ukimya wa mwaka ule. “Nilijua jibu, nikakosa Kiingereza cha kulisemea,” ameandika mmoja, na kuanzia hapo akajihesabu mjinga. Huwezi kumtaka aueleze ukimya huo kwa lugha ileile iliyomnyamazisha. Kiingereza chake tutakijenga kwenye kazi nyingine, na kinahitaji kujengwa.

Najua wakufunzi wenzangu watasema madarasa yamejaa na kusahihisha insha ni mzigo. Ni kweli, nami nasahihisha usiku. Wengine watahofu kwamba mwanachuo akishajua kuna alama ataandika ya kumfurahisha mkufunzi. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana napendekeza tusimpe alama kwa uzito wa mateso yake wala kwa msimamo wake. Tuangalie kama ameeleza tukio waziwazi, ametafuta sababu zake, na amesema atafanya nini yeye akiwa mbele ya darasa. Asiyetaka jambo lake lisomwe na wenzake, lisisomwe.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, na mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024 inataka mwalimu anayejenga umahiri wa mwanafunzi, si anayemkaririsha. Mwalimu huyo anaanza kutengenezwa mwaka wa kwanza. Tukimfundisha motisha kwa kukariri, atakwenda kukaririsha. Sioni atakuwa amejifunzia wapi jambo jingine.

Kama kubadili utaratibu nchi nzima ni mapema, ruhusu vyuo vichache vya Kanda ya Ziwa vijaribu kwa mwaka mmoja wa masomo, na wakufunzi tukutane kulinganisha tulichokisoma. Baadhi ya wanachuo wangu wameridhia madaftari yao yasomwe na ofisi yako, majina yakiwa yameondolewa. Nakala ziko tayari. Ukiniita Dodoma, nitazileta mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkufunzi wa ualimu,
Mwanza.