Kikao cha Whitby hakikumaliza mambo kwa siku moja

Ndugu Mhariri,

Kila Ramadhani inapofika ukingoni na watu kuanza kuulizana kama mwezi umeandama au bado, huzuka hoja kwamba mtawala atoe amri moja ya siku ya Iddi na mabishano yaishe. Safari hii nimeisikia ikitiliwa nguvu kwa mfano wa Wakristo wa Uingereza ya kale, ambao inadaiwa mfalme aliwamalizia ugomvi wao wa Pasaka kwa kikao kimoja. Hukumu ya mwandamo ina wenyewe, nami siigusi. Lakini ninasomesha historia hapa Wete, na kikao hicho kinasimuliwa nusunusu.

Kilifanyika mwaka 664 huko Whitby, katika monasteri iliyoongozwa na mwanamke, Hild, mbele ya Oswiu, mfalme wa Northumbria, dola ya kaskazini mwa Uingereza. Oswiu alilelewa katika Ukristo wa watawa wa Ireland, uliotoka kisiwa cha Iona, ilhali mkewe Eanflæd alitoka Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, ambako dini ilipelekwa na wamisionari wa Roma mwaka 597. Pande zote mbili ziliamini kuwa Pasaka ni lazima iwe Jumapili na ni lazima ifuate mwezi. Ila watu wa Iona walichukua Jumapili iliyoangukia kati ya mwezi 14 na mwezi 20, wakihesabu kwa duru (jedwali la tarehe linalojirudia) ya miaka 84, na wa Roma walichukua kati ya mwezi 15 na 21, kwa duru ya miaka 19. Tofauti hiyo, ndogo kwa kuitazama, iliweza kuzitenganisha sikukuu kwa wiki nzima, na mtawa Bede, aliyeandika mwaka 731, anasema ilitokea mfalme amekwisha kufungua na anasherehekea Pasaka huku malkia na watu wake wangali wamefunga, wakiadhimisha Jumapili ya Matawi, ile inayotangulia Pasaka kwa wiki moja. Nyumba zetu ambamo mmoja anakula pilau ya Iddi na mwengine anasubiri magharibi hazihitaji kufafanuliwa zaidi.

Kikaoni, Askofu Colmán wa Lindisfarne, monasteri ya Northumbria iliyofuata Iona, alitetea desturi ya wazee wake kwa jina la Mtume Yohana na la Columba, mwasisi wa Iona. Upande wa Roma ulisemewa na padri Wilfrid, hodari wa maneno na, kwa maoni yangu, mkali kupita haja, aliyejibu kwa jina la Mtume Petro, ambaye Kanisa la Roma humhesabu kuwa mwasisi wake. Askofu Cedd alikuwa mkalimani wa pande zote mbili, jambo ambalo wanaosifu amri ya mfalme hawalitaji kamwe. Mwisho Oswiu aliwauliza wote wawili kama ni kweli kwamba funguo za mbinguni alipewa Petro. Walipokubali, akasema hatampinga bawabu huyo, asije akafika mlangoni akakosa wa kumfungulia. Na mwandishi mmoja wa zama hizo anaeleza kuwa aliuliza huku akitabasamu. Basi hakuamua nani amehesabu mwezi sawasawa. Aliamua nani afuatwe, na hilo ni suala jengine kabisa.

Baada ya hapo ndipo wasimuliaji wanaponyamaza. Hild na Cedd, waliokuwa upande wa Colmán, waliukubali uamuzi. Colmán mwenyewe hakuukubali, wala hakufungwa wala kulazimishwa: aliondoka na watawa waliomfuata, akachukua baadhi ya mifupa ya Aidan aliyeianzisha Lindisfarne, akenda Iona na kisha kisiwa cha Inishbofin huko Ireland. Kabla ya kuondoka alimwomba mfalme awawekee waliobaki kiongozi waliyemjua, Eata, na mfalme akamkubalia. Makanisa ya kusini mwa Ireland yalikuwa yameshahamia hesabu ya Roma miaka mingi kabla ya kikao, bila ya amri ya Oswiu. Iona iliendelea na yake hadi mwaka 716, yaani miaka 52 baada ya Whitby, na Wales hadi mwaka 768. Aliyewageuza watawa wa Iona ni Egbert, Mwingereza aliyeishi miaka mingi Ireland, akaenda kukaa nao na kuwasomesha; Oswiu alikuwa ameshafariki tangu mwaka 670.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba