Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wagonjwa wa moyo wainuliwe kitandani

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima, sisi wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, tunakuandikia tena. Juma hili mgonjwa mwingine wa mshtuko wa moyo ameruhusiwa kurudi nyumbani bila kusimamishwa hata mara moja tangu alazwe. Aliposimama presha ilishuka, akaanguka kabla ya kuufikia mlango.

Uliahidi mtaalamu wa fiziotherapia kwa kila wodi ya moyo. Bado tunaitwa mgonjwa akishaanguka.

Jambo hili si geni. Tangu mwaka 1952 madaktari wa moyo wa Marekani, Samuel Levine na Bernard Lown, walionyesha kwamba wagonjwa hawa wanaweza kukalishwa kitini mapema badala ya kulazwa kwa majuma. Asiye na maumivu mapya ya kifua kwa saa 8, asiyehema akiwa ametulia, na ambaye mapigo yake yako sawa, huanza ndani ya siku ya kwanza. Anaketi ukingoni mwa kitanda dakika chache, miguu ikining'inia. Presha inapimwa amelala, ameketi, kisha amesimama. Hapo anahamia kitini, halafu chooni, kwani kujikamua juu ya beseni kitandani kunauchosha moyo kuliko hatua hizo chache. Kesho yake korido, mita 50, kisha 100. Ngazi azipande kabla ya kuruhusiwa.

Mapigo yakizidi yale ya kupumzika kwa zaidi ya 20 kwa dakika, namba ya juu ya presha ikishuka kwa zaidi ya 10, kifua kikibana au kizunguzungu kikimjia, aketishwe papo hapo. Na kwa kuwa zipo dawa zinazozuia mapigo kupanda, namba pekee hazitoshi: anayetembea aweze pia kuongea bila kukatika pumzi.

Kinachokwamisha, tunavyohisi, ni hofu. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima usiku, bila maagizo ya maandishi, ataona salama ni kumwambia mgonjwa alale. Hatumlaumu. Lakini mgonjwa akilala tu, damu inaganda miguuni, na bonge likichomoka huziba mshipa wa pafu.

Tunaomba mtaalamu mmoja kwa kila wodi ya moyo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Waraka wa maagizo utusaidie wakati tukisubiri, ila hauwezi kumshika mkono mgonjwa anayeyumba. Mheshimiwa, mtaalamu mmoja tu.

Wako katika huduma,
Wataalamu wa fiziotherapia