Barua kwa Baba Mdogo: ile Hoover ya mviringo itengenezwe kidogo, kisha iuzwe

Baba Mdogo, shikamoo.

Picha zimefika zote, na ule ujumbe wako mrefu wa sauti, unaouliza ufanye nini na ile mashine ya zamani ya kufyonza vumbi, nimeusikiliza mpaka mwisho. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa jambo hili si la nyumba yako peke yake. Moshi na huku Arusha kuna stoo nyingi zenye vitu vya namna hiyo, vilivyoachwa na wamisionari, madaktari, wenye mashamba ya kahawa na watu wa mashirika waliomaliza mikataba yao wakauza kila kitu mpaka pazia. Vinakaa vimefunikwa shuka kuukuu miaka na miaka. Halafu siku moja anapita mtu ana pesa mkononi, na uamuzi unafanyika palepale mlangoni kabla hata chai haijapoa. Nimeona familia zikiumia kwa uamuzi wa mlangoni.

Kwanza ujue ulicho nacho. Mashine yako ya kufyonza vumbi ni Hoover Constellation, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1954. Ule mpira unaoizunguka kiunoni kama pete ya sayari ya Zohali ni wa kuizuia isikwaruze makabati. Uliniuliza magurudumu yake yamepotelea wapi. Hayakupotea. Hewa inayofyonzwa kwenye bomba hupita kwenye mfuko wa vumbi na mota, kisha hutolewa chini ya tumbo la mashine, na hiyo hewa ndiyo inayoinyanyua ikaelea juu ya sakafu. Mwingereza Christopher Cockerell alifanya majaribio ya wazo la namna hiyo mwaka 1955 kwa makopo mawili, moja la kahawa na jingine la chakula cha paka, na mwaka 1959 chombo chake kinachoelea juu ya hewa, SR.N1, kikavuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Mashine kama yako ilikuwa tayari inaelea sebuleni kwa watu. Sakafu yako ya simenti nyekundu iliyopigwa nta inaifaa kabisa. Juu ya zulia la manyoya marefu isingesogea.

Sijawahi kuona nyingine hapa kwetu.

Sasa yule bwana aliyekuja na laki mbili na nusu. Wewe mwenyewe umesema aliigeuza juu chini, akasoma kibati, akauliza kama vichwa vyote vya kufyonzea vipo na kama rangi ni ya kiwandani. Huyo anajua anachonunua. Hana kosa, ni biashara yake, lakini mtu anayeuliza habari ya rangi hanunui mashine ya kusafishia nyumba. Upande wa pili una fundi wa jirani anayetaka laki moja aisuke mota upya na kuipiga rangi ya kupulizia ing'ae. Nimeisikiliza tena ile sehemu ya ujumbe wako. Nakuomba kwa heshima zote, usimpe.

Sababu ni hii. Malalamiko yako ni mawili: inafyonza kidogo, na ukigusa bati inakupiga shoti ya kutekenya. Hakuna hata moja linalosema mota imekufa. Mota ya mashine hizi huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Ikisukwa upya na mtu aliyezoea kusuka mota za pampu za maji, halafu asiipime ulinganifu wake, itatetemeka na kula beringi, na hapo ndipo utakapokuwa na mashine mbovu kweli. Mota iliyoungua ina harufu yake, na koili zake huwa nyeusi. Mota isiyoungua haisukwi.

Ile shoti ikishaondolewa kama nitakavyoeleza hapa chini, anza na bomba. Lichomoe, washa mashine, uweke kiganja kwenye tundu lenyewe. Kiganja kikivutwa kwa nguvu, mota ni nzima na hewa inapotelea njiani. Mabomba ya zamani hupasuka kwa ndani huku nje yakionekana mazima. Lizibe upande mmoja, pulizia upande wa pili, utasikia linapovuja. Halafu tazama mpira wa duara unaokaa kati ya nusu mbili za mashine. Kwenye picha yako ya tatu nimeukuza nikaona umekauka na kupasukapasuka, na upande wa kifungio kuna kipande kimemeguka kabisa. Hewa inaingilia hapo badala ya kuingilia kwenye bomba. Fundi mwenye subira anaweza kukata utepe kutoka tyubu ya baiskeli akauweka kwenye mfereji ule bila gundi, na siku ukipatikana mpira wake halisi, utepe unatolewa bila kuacha alama.

Kama kiganja hakivutwi, ndipo ifunguliwe hadi kwenye mota kutazama kaboni. Ni vile vipande viwili vyeusi vinavyosukumwa na springi vikagusa silinda ya shaba. Huisha, kama zinavyoisha za grainda. Cheche ndogo za bluu chini ya kaboni ni kawaida. Moto unaozunguka silinda nzima ni dalili mbaya. Kaboni za grainda zinaweza kusuguliwa kwa msasa zikafika kipimo, mradi zipite kwenye nyumba yake bila kubana wala kucheza. Na beringi ipimwe kwanza kwa kaliba, kile chombo cha kupimia unene. Mashine za Uingereza za wakati ule nyingi zina vipimo vya inchi, na beringi ya milimita isiyokaa sawasawa isigongwe kwa nyundo ili ikae.

Habari ya shoti ndiyo iliyoninyima usingizi. Waya wako ni ule wa rangi nyekundu, nyeusi na kijani. Uingereza ilibadilisha rangi za nyaya za vifaa kwa kanuni za mwaka 1969 zikawa kahawia, bluu na kijani chenye njano, kwa hiyo huo wako ni wa kabla ya mabadiliko hayo, na mpira wake umeshakuwa mgumu. Ukiukunja karibu na plagi utauona unamomonyoka. Mle ndani pia kuna kapasita ndogo, kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi, iliyowekwa ili mota isiharibu matangazo ya redio. Kapasita za karatasi za enzi hizo zikizeeka huvujisha umeme, na mahali unapokwenda ni kwenye bati unaloshika. Usiiwashe tena mpaka waya ubadilishwe, kapasita iondolewe au iwekwe mpya, na waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, upimwe kwa multimita mpaka kwenye bati.

Umeme wake hauna tatizo. Kibati kinasema volti 240, na wetu ni 230. Ingekuwa ya Marekani ya volti 120 ungehitaji transfoma, na bila hiyo ungeiunguza siku ya kwanza. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi itolewe, iwekwe ya 5, kwa sababu waya mwembamba kama huo ungeungua kabla ya ile kubwa kukatika. Na siku ya kuijaribu, fundi aiunganishe kupitia balbu ya wati 100 ya zamani, ile ya uzi, ili umeme upite kwanza kwenye balbu. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na mota haijitikisi, huenda ndani kuna shoti, na hakuna kitakachoungua wakati mnatafuta.

Kila kinachotolewa, Baba Mdogo, kiwekwe kwenye mfuko na kufungwa pamoja na mashine. Waya wa zamani, kaboni za zamani, mpira uliopasuka, hata skrubu. Rangi isiguswe. Hiyo mikwaruzo na ile sehemu iliyofifia kwa jua la dirishani ndizo zinazomwonyesha anayejua kwamba haijachezewa. Ukiipulizia rangi ya duka la vipuri vya magari, bei inashuka siku hiyohiyo na hairudi.

Sasa nifike kwenye neno gumu. Umesema unataka kuitengeneza kwa ajili ya pumu ya Mama Mdogo, kwa kuwa ufagio unamkohoza kila asubuhi. Sababu hiyo inanigusa sana, na ina historia yake. James Murray Spangler, mfanya usafi wa duka mjini Canton, Ohio, alikuwa na pumu. Vumbi la mazulia lilimtesa, akachukua mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya, akaunda mashine ya umeme ya kubebeka. Mwaka 1908 alipata hataza yake, na wazo likanunuliwa na William Hoover, aliyekuwa akitengeneza bidhaa za ngozi. Jina lililo kwenye bati la mashine yako lilianzia kwenye kifua cha mgonjwa wa pumu.

Lakini yako haitamsaidia Mama Mdogo. Mfuko wake wa karatasi huna, na hata ukishonewa mwingine wa amerikani tabaka mbili, vumbi laini litapenya. Hilo vumbi letu la udongo wa volkano mwezi wa Januari unalijua. Mashine za kawaida hulirudisha hewani kidogo. Hii inalipuliza chini, sakafuni, kwa nguvu ya kujinyanyulia, na kutimua hata lile lililokuwa limetulia chini ya kochi. Mgonjwa wa pumu anahitaji mashine ya sasa yenye mfuko uliofungwa na chujio la HEPA, lile linalonasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mpaka ipatikane, sakafu yenu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi, na Mama Mdogo asiwemo chumbani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuiuza. Nasema hivyo huku naipenda, na ningefurahi ibaki kwenye ukoo. Ila isiuzwe leo, wala kwa laki mbili na nusu. Itengenezwe hayo machache ya usalama tu, irekodiwe video ikielea kwenye sakafu yako nyekundu, vichwa vyake vyote vipangwe kando vionekane, ndipo yule bwana aitwe. Na asiitwe peke yake. Wapo wakusanyaji wa mashine hizi Uingereza na kwingineko, na nitawaandikia mimi, kwa kuwa kuisafirisha ni gharama na inabidi mnunuzi akubali kuibeba. Bei ya kuishia nayo uiweke kwa kuangalia mashine mpya ya Mama Mdogo inauzwaje, na usishuke chini ya hapo.

Ikitokea ndani mmekuta koili nyeusi, fungeni palepale. Iuzwe kama ilivyo, na mnunuzi aambiwe wazi imeungua. Wapo wanaonunua hata hizo kwa ajili ya vipuri, na bado watalipa kuliko mtu wa chuma chakavu anayepima kwa kilo.

Mwambie yule bwana unahitaji muda. Kama anaitaka kweli atarudi. Fundi ninayemwamini yupo huku Arusha, anatengeneza redio za zamani na hana haraka. Ukiipakia kwenye Coaster, ifungwe kwenye boksi na nguo pande zote, bomba likunjwe kwa duara kubwa lisivunjike, nami nitaipokea stendi.

Mama Mdogo msalimie sana. Mwambie ufagio auweke kando tangu leo.