Kafyu ya Lutoboka ilimkamata mbeba sahani

Mhariri,

Msomaji wenu wa Kampala aliyeandika juu ya wikendi zake za wakati wa korona hapa visiwani Ssese, Ziwa Victoria, amenichekesha na kunichoma kwa pamoja. Amekumbuka moto wa kuni ufukweni, muziki hadi alfajiri, bia baridi wakati baa zote za mjini zina makufuli, na mwisho akakibandika kisiwa chetu jina la Ibiza ya Uganda, yaani kile kisiwa cha Hispania chenye sifa ya starehe za usiku. Moto ule tuliuwasha sisi. Naomba nafasi nimweleze yaliyokuwa upande wa jikoni, maana huko hakufika.

Mimi ni Mnubi, mzaliwa wa Bombo. Nimepika katika nyumba za wageni za Lutoboka, Kisiwa cha Bugala, tangu binti yangu wa kwanza hajaanza shule, na sasa naye ana watoto wanaokwenda shule. Jikoni kwetu tunasemezana kwa Kiswahili kwa sababu mmoja ni Msamia wa Busia, mwingine katoka Kongo, mwingine Bukoba, na Kiganda changu kinachekwa hadi leo. Ndiyo maana naandika kwenu.

Kwa wasomaji wasioishi Uganda, nieleze kidogo. Serikali ilifunga baa Machi 2020 na hazikufunguliwa tena hadi 24 Januari 2022. Mikahawa na hoteli ziliruhusiwa mapema zaidi, mwaka ule ule wa 2020, kwa masharti ya barakoa, kunawa mikono na kukaa mbalimbali. Hapo ndipo ujanja ulipopata mlango. Baa ni marufuku, lakini mkahawa unaouza chakula na kinywaji cha kuteremshia si baa. Kwa hiyo kila meza ya wanywaji ilitakiwa ionekane na chakula.

Nilikaanga chipsi na paja la kuku nikijua haviliwi. Sahani inawekwa mezani, watu wanakunywa, chipsi zinapoa na kukakamaa, mhudumu anaipitia na kuipeleka meza ya jirani. Paja moja liliweza kuzunguka uwanja mzima tangu jua kuzama. Tulilipa jina la RDC, yaani mwakilishi wa Rais wilayani, kwa kuwa siku zile za mwanzo huwezi kumpakia hata mgonjwa kwenye gari bila ruhusa ya RDC, na paja lile nalo ndilo lililotoa ruhusa ya watu kukaa. Bia yenyewe ilimiminwa katika vikombe vya chai, birika katikati ya meza kama mkutano wa akina mama wa kanisani. Msomaji wenu atakuwa analikumbuka birika hilo. Mimi nakumbuka kulisugua, kwa sababu harufu ya bia haitoki kwenye bati kwa maji ya baridi.

Asidhani nawalaani wageni. Tuliwataka, na tuliwapokea kwa mikono miwili. Chakula cha msaada cha 2020, unga wa mahindi na maharagwe, kiligawiwa Kampala na Wakiso. Zile shilingi 100,000 za mwaka 2021 zilitengwa kwa ajili ya watu wa Kampala, majiji mengine na manispaa. Kalangala, mji na wilaya yetu, si jiji wala manispaa. Mwenye shamba la michikichi aliendelea kuuza mawese yake, lakini mpishi, mfua mashuka, kijana wa kubeba mizigo gatini na mama wa mukene, dagaa wetu wa ziwani, walibaki kutazamana. Boti ya watu wenye pesa ilipotia nanga usiku, hakuna aliyeuliza cheti cha korona. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulipona kweli, tukanunua sabuni na unga. Sijutii hata shilingi moja ya zile.

Na ufukwe wenyewe haukuwepo, jambo ambalo barua ile imelisahau kabisa. Mwaka 2020 ziwa lilijaa kuliko nilivyowahi kuliona maishani. Maji yalimeza mchanga, yakaingia chini ya vibanda vya kuchomea samaki, yakaacha minazi imesimama majini. Huko Entebbe hoteli za kando ya ziwa zilipata yayo hayo. Sisi tulisogeza meza juu, uani, mahali pa watu wachache, halafu wakaja watu wengi. Bango la kukaa mita mbili mbali lilikuwa limepigiliwa kwenye mti ambao wachezaji walikuwa wanauegemea.

Sasa nifike kwenye kafyu, maana ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Kafyu ilianza saa moja jioni mwishoni mwa Machi 2020, baadaye ikasogezwa hadi saa tatu usiku, na wimbi la pili lilipopanda Juni 2021 ikarudishwa saa moja. Mtazame mgeni. Amelipia chumba, kwa hiyo hapo hotelini ndipo kwake. Akikaa uani mpaka saa tisa za usiku hajavunja kafyu, kwa kuwa hajatoka kwenda popote. Mtazame na mhudumu aliyempelekea vikombe vyake vya chai mpaka saa tano. Kitanda chake kiko juu ya kilima, Kalangala mjini, na kati ya hoteli na kitanda hicho kuna barabara. Akiikanyaga tu, ni mhalifu.

Tulimwomba mwenye hoteli niliyokuwa nafanyia kazi atupe mahali pa kulala. Vyumba vya wafanyakazi alikuwa ameshavikodisha kwa wageni. Hata stoo ya soda ililaza wachumba fulani kutoka Entebbe, na asubuhi wakalalamika kwamba friji inanguruma. Sisi tulitandika magunia sakafuni jikoni, karibu na sigiri zilizokuwa bado na joto, wanawake upande huu na wanaume upande ule, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu. Kama kuna mtu alikuwa anatafuta mahali ambapo korona ingepata raha, ni pale, si kule kwenye muziki ambako angalau kulikuwa na upepo wa ziwa.

Usiku mmoja wa Julai 2021, ndani ya zile siku 42 za kufungiwa mara ya pili, wakati kutoka wilaya moja kwenda nyingine kumepigwa marufuku, boti mbili za kasi zilifika zimezima taa. Sitaki kuwataja wenye boti. Nasema tu kwamba nilipoona abiria wanashuka bila hata jaketi moja la kuokolea maisha, niliikumbuka MV Templar, boti ya starehe iliyozama upande wa Mukono Novemba 2018 na kuua zaidi ya watu 30. Watu husahau upesi wakishaonja upepo wa ziwa.

Kabla ya usiku wa manane askari wakaja. Muziki ukazimwa, vikombe vikainuliwa kama watu wanaokunywa chai. Wageni wakaulizwa funguo za vyumba. Mwenye ufunguo akaambiwa aingie ndani alale. Waliokuwa hawana walikuwa wamekwisha kurudi kwenye boti, na boti ikawa katikati ya giza. Mwenye hoteli hakuwepo, huwa hayupo. Waliokamatwa ni wahudumu wawili na kijana wa kuosha vyombo, nao walikutwa wakipanda kilima kwenda kwao, wamevaa barakoa, mmoja ameshika mkebe wa mabaki ya wali. Kosa waliloambiwa ni lile lile lililokuwa likitumika nchi nzima, uzembe unaoweza kueneza ugonjwa. Walikaa ndani mpaka tulipochanga bakshishi zetu kushughulikia mambo yao, kisha wakaachiliwa kwa onyo. Simu ya mwenye hoteli iliita mpaka ikachoka.

Wiki iliyofuata kijana yule wa vyombo akaanza kukohoa. Wilaya yetu ina visiwa 84, na sisi wa Bugala wakati ule tulitegemea kituo cha afya cha daraja la nne pale Kalangala, na ukizidiwa unapelekwa Masaka, yaani gari hadi Luku, kivuko hadi Bukakata, kisha gari tena. Usiku kivuko kimelala. Alisubiri kukuche akiwa ameegemea ukuta, hawezi kulala chali. Alirudi mzima, tunamshukuru Mungu, ila mpaka leo akipanda kile kilima husimama njiani kuvuta pumzi, na ana umri wa kucheza mpira. Je, aliambukizwa na wageni, au rumande, au kwenye yale magunia yetu? Hakuna aliyempima mapema kiasi cha kujua. Wageni wa usiku ule, kama waliugua, waliugulia Kampala, ambako foleni ya oksijeni ilikuwa ndefu lakini angalau oksijeni ilikuwepo ng'ambo ya barabara.

Kuhusu Ibiza, nimeitafuta kwenye simu ya mwanangu ili nijue tunafananishwa na nani. Klabu zake kubwa zilibaki zimefungwa kiangazi cha 2020 na cha 2021. Starehe ikahamia kwenye majumba ya kukodi vilimani, kama ilivyohamia kwetu. Lakini serikali ya visiwa vile vya Baleari iliweka faini inayoweza kufika yuro 600,000 kwa muandaaji wa sherehe haramu, na mwaka 2021 wakuu wa Ibiza walitaka kuajiri raia wa kigeni wa kujifanya watalii ili wajue sherehe zinapangwa wapi. Wagiriki nao, Julai ule ule wa 2021, walipiga marufuku muziki kwenye baa na mikahawa ya kisiwa chao cha Mykonos na kuweka kafyu ya saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sisemi walifaulu. Nasema walijua wa kumtafuta ni yule anayepokea pesa ya kiingilio.

Wengine watasema afadhali tungefanya kama Zanzibar. Mtoto wa dada yangu alikuwa mhudumu Nungwi wakati huo, kwa hiyo habari za huko nilizipata moto. Tanzania iliacha kutangaza hesabu za wagonjwa mwishoni mwa Aprili 2020 na ikafungua anga yake tarehe 18 Mei. Baadaye ndege zikaleta Warusi na Wapolandi, kazi ikarudi, na mishahara pia. Kijana wetu alifurahi, nami nilifurahi naye, kwa sababu alikuwa analipa karo ya wadogo zake. Ila aliambiwa avue barakoa akiwa mbele ya wageni, isije ikawatia hofu. Februari 2021 Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akafariki, wiki chache tu baada ya chama chake kutangaza kwamba ameambukizwa korona. Siku ile kijana alinipigia simu usiku akiniuliza kama anywe tangawizi au arudi nyumbani. Nikamwambia kunywa tangawizi, na mshahara ukiingia ndipo tuzungumze. Hayo ndiyo majibu ya mtu maskini, na sikuwa na mengine.

Kwa hiyo simwambii msomaji wenu kwamba visiwa vingefungwa kabisa. Vingefungwa kabisa tungekula nini? Ninachobishana nacho ni ile hadithi kwamba huku hakukuwa na sheria, watu walipumua. Sheria ilikuwepo kila usiku, imesimama kwenye kona ya barabara ya kupanda mlima, ikimngoja mwenye mkebe wa wali.

Na kufungiwa hakukuishia kwenye korona. Oktoba 2022 wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa kwa sababu ya Ebola, na baa huko zikapigwa kufuli tena, na kafyu ikarudi. Litakuja jingine, na siku hiyo watu wa mjini watakumbuka njia ya Ssese. Wanaotunga amri wakumbuke mambo machache. Hoteli ikiruhusiwa kulaza mgeni wakati wa kafyu, ruhusa hiyo ifungwe na sharti la kumlaza mfanyakazi kwenye kitanda, au kumpa karatasi yenye muhuri na gari la kumfikisha kwake. Boti ikileta watu usiku, aulizwe nahodha na mwenye boti. Sherehe ikikamatwa, mwenye hoteli aitwe hata kama anaishi Kololo, mtaa wa matajiri wa Kampala, na kesi isianze na mtu aliyevaa eproni. Na wapimaji wawepo gatini, Lutoboka na Luku, tangu siku ya kwanza, kwa sababu kisiwa kina milango michache na kuilinda si kazi kubwa kama ingekuwa Kampala.

Baadhi yetu wapishi na wahudumu tumeyaandika haya kwenye karatasi moja, ili anayetafuta kazi amwonyeshe mwajiri kabla hajaanza. Wenye hoteli wawili wametia sahihi. Wengine wanasema korona ilishaisha.

Mpishi,
Lutoboka, Kalangala