Kimbunga kikiwa bado mbali, hewa huwa imekwisha kuchafuka

Ndugu Mhariri,

Vyombo vyetu vinapotangaza vimbunga vya kusini mwa China, ambako wafanyabiashara wengi wa kwetu hufuata bidhaa Guangzhou, habari huanza siku upepo unapovuma. Kwa sisi wenye pumu, taabu huanza siku moja au mbili kabla, mbingu zikiwa nyeupe na hakuna hata tone la mvua. Nimewahi kujifungia chumbani katika mji huo alasiri ya jua kali, nikivuta dawa, huku ndugu wakinipigia simu kuuliza kama mvua imeshafika.

Hewa inayopanda kwa nguvu katikati ya kimbunga hushuka pembezoni mwake, mamia ya kilomita kutoka kwenye jicho, yaani kitovu chake. Inaposhuka hupata joto, mawingu hutoweka, na hewa iliyo chini yake hukosa pa kutokea. Kimbunga kikiwa upande wa Taiwan, upepo hafifu wa kutoka bara husukuma moshi wa viwanda vya Guangdong, jimbo la mji wa Guangzhou, hadi Hong Kong, na moshi huo, pamoja na ule wa magari na mvuke wa petroli na rangi, ukipigwa na jua huzaa gesi ya ozoni. Ozoni ya anga za juu hutukinga na mionzi ya jua. Hii tunayoivuta huwasha koo na kubana kifua.

Tarehe 22 Agosti 2017, Hong Kong ilifikia nyuzi joto 36.6, kiwango ambacho hakikuwahi kupimwa katika kituo chake kikuu tangu 1884. Kesho yake kimbunga Hato kikapiga, na ishara namba 10, ya juu kabisa ya tahadhari ya kimbunga huko, ikatangazwa. Wala kukimbilia mashambani hakusaidii, kwa kuwa kando ya barabara moshi mbichi wa magari huila sehemu ya ozoni, ilhali visiwa vyenye magari machache, kama Tap Mun, huipata kwa wingi.

Tangu Desemba 2013 Hong Kong hutangaza kipimo cha hatari ya hewa kwa afya, kuanzia 1 hadi 10 na zaidi. Ninaomba gazeti lako likichapishe pamoja na kasi ya upepo, tangu siku kimbunga kinapoanza kukaribia, ili mwenye pumu aliyeko huko afanye kazi ya kubeba mizigo asubuhi, kabla jua la alasiri halijaipandisha ozoni.

Msomaji wako,
Kariakoo, Dar es Salaam