Barua ya wazi kwa Mkuu wa Maktaba: ifungue ile hifadhi ya kidijitali ya makala zetu uliyotuahidi

Mheshimiwa Mkuu wa Maktaba, salaam. Naandika hadharani kwa sababu barua pepe zangu tatu hazijajibiwa, uniwie radhi.

Jumatatu mwanafunzi wangu wa uzamili alikuja kuniomba makala yangu ya 2016, ile niliyoisotea miaka miwili. Nikaingia kwenye mtandao wa maktaba, nikabofya, ukaja ukurasa wa kulipia. Makala yangu mwenyewe! Jina langu liko pale juu na chini yake nadaiwa hela ndo nisome. Niliandika bure, wenzangu wakaihakiki bure, haki nikamsainia mchapishaji maana bila kusaini haitoki, na sasa nimekaa mbele ya mwanafunzi sina cha kumpa. Niliona aibu, Mheshimiwa, aibu kwelikweli.

Nikauliza kaunta, nikaambiwa leseni ya majarida imeisha na haijalipwa upya. Sawa, pesa ngumu, tunaelewa. Lakini mbona hata matoleo ya miaka ya nyuma yamepotea, na ile miaka tulilipa? Zamani jarida likikatwa, yale ya nyuma yanabaki kwenye rafu, unaenda unafuta vumbi unasoma. Siku hizi tunakodi tu, faili ziko kwenye seva za mchapishaji na ufunguo anao yeye. Nahisi waliosaini ule mkataba hawakudai kipengele cha kuendelea kusoma tulivyokwisha kulipia, au kipo na hakuna aliyekifuatilia. Na tulishaonywa, mwaka 2009 duka la mtandaoni la Amazon lilifuta vitabu vya George Orwell ndani ya Kindle, vile vifaa vyake vya kusomea vitabu vya kidijitali, za watu waliokwisha kununua, pesa walirudishiwa lakini vitabu havipo.

Tafadhali usinijibu kwamba tuchapishe kwenye majarida ya wazi. Mengi ya hayo msomaji halipi kwa sababu mwandishi ameshalipa. Jarida la sayansi la Nature lilipoanza utaratibu huo 2021 ada ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja, kwa mshahara upi? Vijana wanaokosa hela hizo ndo wanaangukia kwa matapeli wa majarida feki, makala inapitishwa ndani ya siku chache na hakuna aliyeisoma.

Sasa ile hifadhi ya kidijitali. Ulisema mwenyewe kwenye kikao, na nilikuwepo, kwamba kabla muhula haujaisha kila mhadhiri ataweka kazi zake pale na yeyote atasoma bila kulipa. Mihula minne imepita. DSpace, programu ya kuendeshea hifadhi kama hiyo, ipo tangu 2002 na ni ya bure, anahitajika mtu wa kuisimamia na seva basi. Wachapishaji wengi wanamruhusu mwandishi aweke rasimu yake ya mwisho, ile iliyopita kwa wahakiki, kwenye hifadhi ya taasisi yake, wengine papo hapo, wengine baada ya miezi 12 au 24. Yangu ya 2016 muda huo umepita kitambo. Rasimu ninayo, iko kwenye flashi, flashi ikiharibika ndo basi tena. Tasnifu za wanafunzi nazo ziko kwenye CD kabatini kwako, na kompyuta mpya mlizotuletea hazina hata mahali pa kutia CD, yaani tumekusanya kazi za watu miaka yote hiyo na hatuwezi kuzisoma.

Mheshimiwa, mkataba na wachapishaji utachukua muda, ada zao haziko mikononi mwako, nakubali. Hifadhi iko mikononi mwako. Ifungue. Hata ikianza na makala kumi, ifungue. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na flashi yangu, naomba tu awepo mtu wa kuipokea.

Wako kwa heshima,
Mhadhiri wako